Nyigu Katika Banda la Kuku

Mkulima mmoja wa upande wa Githunguri alikuwa na kuku kumi na wanane, na fedha za mayai yao ndizo zilizonunua madaftari ya watoto, sabuni na mafuta ya taa. Asubuhi moja mkewe alipokwenda kufungua banda aliumwa shingoni mara tatu na nyigu waliokuwa wamejenga chini ya paa, juu kidogo ya mlango. Bwana huyo alikasirika sana. Alifunga kitambaa kwenye ncha ya mti mrefu, akakitia mafuta ya taa, akakiwasha mchana ule ule.

"Baba Wanjiru, ngoja kwanza niwatoe kuku," mkewe alimwambia, lakini hakungoja. Nyigu walimwuma, moto ukashika nyasi za paa, na kabla maji hayajaletwa kutoka mtoni kuku saba walikuwa wamekwisha kufa kwa moshi. Baada ya siku chache nyigu waliosalia walikuwa wakijenga tena, safari hii ukutani mwa jiko.

Kabla ya kushika silaha yo yote yampasa mfugaji kutazama ni nyigu gani aliye naye. Wako wanaojenga vijumba vya udongo ukutani na kuvijaza buibui kwa chakula cha watoto wao. Hao hukaa mmoja mmoja na ni nadra kumwuma mtu asiyewashika, basi hakuna haja ya kuwasumbua. Wa kuogopwa ni wale wenye viuno vyembamba wakaao wengi pamoja, ambao hutafuna mti na kutengeneza sega mfano wa karatasi, lililoning'inia kwa kikonyo. Hata hao, kama kiota ki juu ya mti mbali na njia ya watu na kuku, yafaa waachwe, kwa kuwa huwinda viwavi. Mwenye shamba la kabichi hukosa msaada mkubwa akiwaua wote kwa hasira tu.

Kiota kilicho bandani ni jambo jingine. Nyuki huacha mwiba wake mwilini mwa aliyemwuma akafa, lakini nyigu huweza kuuma tena na tena. Manyoya humkinga kuku, bali upanga wake, macho na miguu ni wazi, na kuku aliyefungiwa ndani hana pa kukimbilia.

Kosa la mkulima yule lilianza na saa aliyoichagua. Mchana nyigu wana nguvu na wengine wako nje, nao hurudi wakiwa wakali. Usiku wote hutulia kiotani, baridi ikawalegeza, na gizani hawawezi kuruka vizuri. Taabu ni kwamba kuku nao hulala bandani usiku. Kwa hiyo jioni, giza likianza kuingia, wahamishwe katika matenga wapelekwe mahali pengine; kuku aliyeshikwa gizani hafanyi fujo. Mayai, chakula na vyombo vya maji vitolewe pia.

Saa mbili au saa tatu za usiku mtu avae nguo nzito za mikono mirefu, aingize suruali ndani ya soksi, na afunike uso na shingo. Tochi ifungwe kitambaa chekundu, maana nyigu hawaoni vizuri mwanga mwekundu. Dawa iliyo rahisi ni sabuni ya kufulia iliyoyeyushwa vizuri katika maji. Maji matupu huteleza juu ya mwili wa nyigu, lakini ya sabuni humlowesha na kuziba vitundu anavyovutia pumzi. Kiota kiloweshwe chote kwa bomba la kupulizia, kisha kikwanguliwe kwa mti mrefu kiangukie katika debe lenye maji hayo hayo. Asipande mtu ngazi gizani. Nyigu wakimtokea, atakimbia vipi?

Katika miaka ya 1950 wengi walitumia DDT kwa kila mdudu. Baadaye ilijulikana wazi kwamba sumu hiyo hukaa katika mafuta ya mwili wa kuku na kuingia katika mayai, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiwekea mipaka mikali. Atakaye dawa ya kununua na atafute ya pareto, ua lililolimwa miaka mingi huko Molo na Kinangop. Nguvu yake huisha upesi katika mwanga wa jua. Hata hivyo kuku wasirudishwe mpaka banda limekauka na nyigu waliokufa wamefagiwa wote, kwani kuku hudonoa kila kitu.

Mtu akiumwa kisha akavimba midomo au ulimi, au akapumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Wako wanaokufa kwa kuumwa mara moja tu.

Mahali palipotolewa kiota pakwanguliwe kikonyo chote na nyufa zizibwe, kwa maana nyigu hupenda kurudi pale pale. Kiota kipya huanzishwa na jike mmoja au wachache, kikiwa kidogo kuliko kifungo cha koti. Mama Wanjiru alijifunza kukagua paa la banda jipya kila Jumamosi akiwa na ufagio wenye mpini mrefu, wala hakumngoja mumewe.