Zana za mawe na uhamaji wa watu wa kale

Zana za mawe ni vifaa vilivyotengenezwa na watu wa kale, hasa kwa kugonga jiwe kwa jiwe lingine. Kwa kuwa mawe hayaozi kama miti au ngozi, ndiyo ushahidi mkubwa uliobaki kuhusu jinsi watu wa Zama za Mawe walivyohama na kuitumia ardhi. Nchini Tanzania zinaeleza safari za kale kuliko misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji.

Asili ya jiwe

Aina ya jiwe inaweza kuonyesha lilikotoka. Huko Olduvai watu walitumia mawe ya kilima cha Naibor Soit, kilomita chache kutoka mahali walipoacha zana zao. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, kumepatikana vipande vya obsidiani, yaani kioo cha volkeno. Obsidiani ya kila chanzo ina uwiano wake wa elementi, hivyo asili yake hutambuliwa kwa vipimo vya maabara. Baadhi ya vipande vya Mumba vilitoka eneo la Naivasha nchini Kenya, takriban km 300 kutoka hapo. Umbali huo haumaanishi kwamba mtu mmoja alitembea njia yote, kwa sababu jiwe liliweza kupita mikono mingi kwa kubadilishana.

Mabaki ya kazi

Vibanzi vingi vilivyotupwa mahali pamoja huonyesha kwamba zana zilitengenezwa papo hapo. Zana zilizonolewa mara nyingi, bila vibanzi vya kutosha kando yake, kwa kawaida zililetwa zikiwa tayari. Katika Zama za Mawe za Mwisho vipande vidogo vilipachikwa kwenye mipini. Vilikuwa vyepesi kubeba, na kilichovunjika kiliweza kubadilishwa peke yake.

Tabora na njia ya misafara

Uwanda wa Unyamwezi una miamba ya kale ya granite yenye kwatzi, jiwe gumu ambalo mara nyingi ni jeupe. Kwa kuwa kwatzi hupatikana sehemu nyingi, ni vigumu kujua kipande fulani kilitoka wapi. Hapo mahali zana ilipolala huwa na maana zaidi: kando ya mto, chini ya mwamba au karibu na chemchemi.

Maji yaliongoza misafara pia. Mgunda Mkali, pori kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe, lilivukwa kwa haraka kwa sababu ya uhaba wa maji. Hata hivyo zana ya mawe iliyokutwa kando ya njia hiyo si uthibitisho kwamba njia ilikuwepo tangu Zama za Mawe; watu wa nyakati tofauti huvutwa na maji yaleyale. Aidha, si kila jiwe lililochongwa ni la kale sana, kwani bunduki za gumegume zilihitaji kipande cha jiwe ili kutoa cheche.

Hifadhi

Zana ikiokotwa na kuhamishwa bila kumbukumbu, hupoteza habari za mahali pake, na kwa zana za kwatzi hizo ndizo habari muhimu zaidi. Kulima na kujenga barabara huleta hasara hiyohiyo. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, uchimbaji wa mabaki ya kale unahitaji kibali cha serikali.