Kwa nini Newala kuna Ford Ranger lakini hakuna Ford ya buti

Mkulima wa Mkunya akipata bei nzuri ya korosho na kutaka gari dogo la milango minne, ataonyeshwa Toyota: Premio, Corolla, au Crown ikiwa mfuko unaruhusu. Akiulizia Ford, ataonyeshwa pikapu ya Ranger. Wapo wanaoamini kwamba Ford haijawahi kujua magari madogo. Hilo si kweli hata kidogo. Mwaka 1964 Peter Hughes na Bill Young walishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki kwa Ford Cortina GT, na mwaka 1972 Hannu Mikkola akashinda kwa Ford Escort.

Sedani zimepungua kwa sababu ya hesabu za kibiashara. Aprili 2018 Ford ilitangaza kwamba itaziondoa kwenye soko la Marekani. Taurus ya mwisho ya huko ilitoka kiwanda cha Chicago Machi 2019, na Fusion ikaagwa Hermosillo, Mexico, Julai 2020. Ikabaki Mustang, ambayo ina milango miwili. Pikapu huuzwa ghali na faida yake ni nene, ilhali sedani hulazimika kushindana bei na Toyota na Honda hadi kampuni inaambulia kidogo.

Hata hivyo, Fusion isingefika kwetu hata kama ingali inaundwa. Ilikuwa na usukani wa kushoto. Jamaa zetu walioko Muscat bado wanaweza kununua Ford Taurus mpya ya milango minne, inayoundwa China, kwa kuwa Oman magari hupita kulia. Sisi hupita kushoto kama Wajapani, ndiyo maana magari yetu mengi ya mtumba hutoka kwao. Ford, ambayo mauzo yake Japani yalikuwa madogo, ilifunga biashara yake huko mwishoni mwa 2016. Kwa maoni yangu, uamuzi huo unamgusa mnunuzi wa Newala kuliko ule wa 2018, maana mtumba hutoka pale tu gari lilipouzwa likiwa jipya.

Imebaki Uingereza, ambako Focus na Mondeo zina usukani wa kulia na mara nyingi bei yake ya kuagiza huvutia. Hapo naomba mtu atulie. Ushuru hauangalii jina la kampuni: forodha asilimia 25, VAT 18, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, na nyongeza ya asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10. Tofauti huja baadaye, kwenye spea. Bushi, shokapu au taa ya Premio haikusumbui kuipata, na fundi ameshafungua gari la namna hiyo mara nyingi. Ya Mondeo huenda ikaagizwa mbali, na kiwanda cha Valencia kiliacha kuiunda mwaka 2022. Kwa Focus, chunguza gia boksi ya otomatiki iitwayo PowerShift. Mwaka 2018 mahakama ya Australia iliitoza Ford faini ya dola milioni 10 za nchi hiyo kwa jinsi ilivyoshughulikia malalamiko ya wateja wa magari yenye gia boksi hiyo.

Ranger ilipata njia yake kwa sababu inaundwa Silverton, Pretoria, ikiwa na usukani wa kulia, na imeinuka kutosha kwa mchanga wa uwandani na makorongo ya mteremko wa kushukia Masasi. Sedani katika njia hizo hukwaruza sampo. Sasa barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi, kilomita 160, imeingizwa kwenye mradi wa lami kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kila kipande kinachokamilika kitaongeza watu wanaoweza kumiliki gari la chini bila hofu. Watakalolipata bandarini litakuwa limetoka Yokohama au Nagoya, na kwa mwenye kipato cha msimu, anayehitaji gari litengenezeke papo hapo Masasi, hilo ndilo ningemshauri achukue.