Kanuni za Ardhi Zinavyoweza Kulinda Makazi ya Maskini: Mfano wa Recife

Tukisikia neno mipango miji, wengi tunafikiria ramani za wataalamu, mambo ya ofisini yasiyoihusu parokia. Lakini ramani hizo ndizo huamua nani ataishi mjini na nani atasukumwa nje. Mji hugawa ardhi yake katika kanda: hapa viwanda, hapa biashara, hapa makazi. Kwa kila kanda sheria hutaja ukubwa wa kiwanja, upana wa barabara na urefu wa majengo.

Ugumu huanzia hapo. Sheria ikisema kiwanja halali kisipungue kipimo fulani, nyumba ya maskini iliyojengwa kwenye kipande kidogo huwa kosa tangu siku ya kwanza. Siku ardhi ile inapopanda thamani, kosa hilo huwa sababu ya kumwondoa.

Mji wa Recife, kaskazini-mashariki mwa Brazili, ulitumia sheria ya namna hiyo hiyo kwa kusudi tofauti. Ufukweni, jirani na maghorofa ya Boa Viagem, upo mtaa uitwao Brasília Teimosa, yaani Brasília Kaidi. Ulipata jina hilo mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati mji mkuu mpya wa Brasília ukijengwa. Vibanda vilivyobomolewa mchana vilijengwa tena usiku. Ndiyo asili ya jina hilo.

Mwaka 1983 sheria ya matumizi ya ardhi ya Recife ilitambua maeneo 27, likiwemo hilo, kuwa Kanda Maalumu za Manufaa ya Kijamii. Mwaka 1987 ikafuata sheria ya kuziendesha. Rasimu yake iliandaliwa kwa mchango mkubwa wa Tume ya Haki na Amani ya Jimbo Kuu la Olinda na Recife, jimbo lililoongozwa na Mtumishi wa Mungu Dom Hélder Câmara tangu 1964 hadi 1985.

Utaratibu huo, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, una mambo matatu. Kwanza, wakazi wenyewe wanaweza kuomba mtaa wao uwe kanda maalumu. Pili, kanda huwa na kamati ambamo wawakilishi wa wakazi huketi pamoja na wale wa manispaa. Tatu, viwanja vina ukubwa wa mwisho, na haviruhusiwi kuunganishwa kuwa kimoja kikubwa.

Jambo la tatu ndilo kiini. Anayetaka kujenga ghorofa refu hulazimika kununua viwanja vingi na kuviunganisha. Asiporuhusiwa, ardhi ile haimfai, wala haji na fedha ambazo mkazi hawezi kushindana nazo. Hati miliki humlinda mtu. Lakini mtu akibanwa na ugonjwa au ada ya shule, huuza. Kanuni ya kanda hulinda mtaa mzima, kwa sababu hata anayenunua hufungwa na sharti lile lile.

Mwaka 2001 sheria ya miji ya taifa iliweka kanda hizi miongoni mwa nyenzo za kila manispaa ya Brazili. Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi. Mtaa wa Coque, nao ni kanda maalumu ya Recife, umepoteza vipande vya ardhi kwa miradi mbalimbali. Kanuni hulinda pale ambapo kuna watu wanaoifahamu na kuisimamia.

Kenya na Tanzania pia zina sheria za mipango zinazowapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kabla mpango haujapitishwa. Kamati ya Haki na Amani ya parokia inaweza kuomba rasimu, kuisoma pamoja na jumuiya ndogo ndogo, na kuuliza: Je, nyumba zilizopo zinatambuliwa? Je, viwanja vinaweza kuunganishwa? Wapangaji wataenda wapi? Maswali hayo yaulizwe mapema, kabla ramani haijatiwa saini.