Miguu ya Rubani

Watu wengi wakiona mchezo wa kuongoza ndege katika kompyuta hudhani kwamba kazi yote ni ya mikono. Sivyo. Rubani huongoza kwa miguu pia, na miguu iliyozoea vibaya ni shida kuirudi. Mimi natumaini kuomba nafasi katika chuo cha urubani cha Soroti, hapa Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1971. Kwa hiyo jambo hili kwangu si mchezo.

Kwanza tujue kazi ya pedeli. Ndege ina usukani mkiani, kama jahazi. Lakini angani ndege haipindi kwa usukani huo; hupinda kwa kulaza mabawa. Usukani kazi yake ni kuiweka pua sawa. Katika Cessna 172, rubani akianza kuilaza ndege kushoto, pua huvutwa kidogo kulia. Hapo hukanyaga pedeli ya kushoto ili kuirudisha. Tena wakati wa kuruka, nguvu ya rafadha huivuta pua kushoto, naye hukanyaga ya kulia.

Basi pedeli za nyumbani zifungwe hivi:

Kwanza, ziwe zimeungana: moja ikienda mbele, nyingine irudi nyuma. Pedeli za mchezo wa motokaa, ambazo kila moja huenda peke yake, hazifai.

Pili, zikazwe kwa skrubu juu ya ubao, na ubao ufungwe kwenye miguu ya kiti. Bila hivyo huteleza kila unapokanyaga.

Tatu, kaa hivi kwamba goti libaki limekunjika kidogo hata pedeli ikifika mwisho. Visigino vikae chini. Vidole vipande juu ya pedeli wakati wa kushika breki tu.

Nne, ionyeshe kompyuta mwisho wa kushoto, mwisho wa kulia na katikati. Ile nafasi ya katikati isiyojibu iwe ndogo kabisa, ama sivyo mguu utazoea kukanyaga bure.

Tano, zima msaada wa programu unaokanyaga usukani kwa niaba yako.

Sasa jipime. Mbele ya rubani kuna kigololi ndani ya bomba la kioo. Kikienda kulia, kanyaga kulia. Kikienda kushoto, kanyaga kushoto, mpaka kirudi katikati.

Pengine msomaji atauliza, kigololi kina maana gani? Ndege ikienda polepole mno, mabawa hushindwa kuibeba. Ikiwa wakati huo pua imekwenda upande, bawa moja huanguka kabla ya jingine, na ndege huzunguka kama pia. Karibu na ardhi hakuna nafasi ya kuiokoa. Katika kompyuta utabonyeza kitufe na kuanza tena. Angani hakuna kitufe hicho.

Samaki mkunje angali mbichi, na mguu wa rubani vivyo hivyo.