Jino la plastiki na amana ya mwili: Mwanafunzi wa tiba ajifunzie wapi?

Jino la mtoto linapouma usiku kucha, katika nyumba nyingi za Dodoma, Kondoa na Singida hukumu hutolewa kabla ya alfajiri: kukikucha, likang'olewe. Hukumu hiyo ina sababu zake. Kung'oa humalizika kwa muda mfupi, gharama yake ni ndogo na maumivu hukoma. Lakini jino la ukubwani likishatoka halioti jingine. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, pasi na jino lolote kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi hulidhania kuwa ni la utotoni, wakaliacha lioze. Likiondoka, meno jirani huegemea pengo, na kutafuna kwa upande huo huharibika kwa umri wote uliobaki.

Ipo njia ya kulinusuru, nayo ni matibabu ya mzizi wa jino. Ndani ya jino mna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Uozo ukikifikia, hufa na kuwa makazi ya vijidudu, na usaha hukusanyika chini ya mzizi. Daktari hutoboa jino kwa juu, akaingia katika vijifereji vya mizizi kwa vitupa vyembamba mno, ambavyo ncha zake hufikia unene wa sehemu 1 ya 10 ya milimita. Husafisha, huosha kwa dawa yenye klorini, hukausha, kisha huziba.

Kuyaeleza haya ni rahisi, kuyatenda ni kazi. Gego la juu lina mizizi 3, lakini mara nyingi vijifereji vyake ni 4, na hicho cha nne hujificha. Kikisahauliwa, maradhi hurejea. Kitupa huweza kukatikia ndani, na mkono usiozoea huweza kulitoboa jino ubavuni. Daktari haoni aendako. Huongozwa na picha ya eksirei na hisia za vidole vyake.

Dhamana ya mganga

Uislamu umehimiza kutafuta tiba, na wakati huohuo ukamwekea mipaka mwenye kutibu. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, Mtume Muhammad (SAW) amefundisha kwamba anayejitia uganga ilhali hajulikani kuwa na elimu hiyo atabeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Mafakihi wameijengea hadithi hii hukumu nyingi za fidia. Maana yake kwetu ni kwamba umahiri unatakiwa utangulie, mgonjwa afuate.

Tabibu mkubwa wa Andalusia, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyeishi karne ya 10 na mwanzoni mwa karne ya 11, alichora ala za meno katika kitabu chake cha tiba, Al-Tasrif, ili wanafunzi wazitambue. Alionya pia dhidi ya haraka ya kung'oa, kwa kuwa maumivu humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima na lililooza likaachwa. Onyo hilo lina miaka elfu moja, na bado linatufaa.

Meno ya watu na heshima yake

Kwa muda mrefu wanafunzi wa tiba ya meno wamejizoeza kwa meno yaliyong'olewa kwa wagonjwa. Njia hii ina faida, kwani jino ni la kweli, lakini ina matatizo pia. Meno hayo huweza kubeba vimelea vya homa ya ini, hivyo hayana budi kutakaswa kwanza. Hayafanani, kwa hiyo mwalimu hawezi kuwatahini wanafunzi 50 kwa kipimo kimoja. Na mengi hufika yakiwa yamebomoka.

Kwetu sisi kuna jambo la ziada. Mwili wa binadamu una heshima, na wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi, wamependekeza sehemu iliyotengana na mwili ifukiwe. Haja ya elimu huzingatiwa na sharia, lakini pakipatikana mbadala unaokidhi haja ileile, moyo wa muumini huutulia zaidi.

Jino linalochapwa

Mbadala huo upo. Jino moja la kweli hupigwa picha ya eksirei inayolizunguka pande zote, nje na ndani. Kompyuta huigeuza picha kuwa umbo kamili, na printa ya pande tatu hulijenga kwa rezini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka nyembamba. Msingi wa ufundi huu uliwekwa na Mmarekani Charles Hull katika miaka ya 1980. Mwaka 2019 walimu wa Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, Ujerumani, walichapisha utafiti wa kutumia meno ya aina hii kufundishia tiba ya mizizi.

Faida yake ni usawa: jino lenye kijifereji cha nne hunakiliwa mara 100, kila mwanafunzi akapata lake, akakosea, akarudia, pasi na mtu kuumia. Upungufu wake ni kwamba rezini ni laini kuliko jino, hivyo mkono hauhisi ukinzani uleule. Kwa hiyo jino la plastiki ni ngazi ya kwanza, na usimamizi wa mwalimu mbele ya mgonjwa hauna badala.

Wajibu wetu

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina shule ya tiba na meno, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani yake. Madaktari wa watoto wetu wanalelewa hapahapa kwetu. Hospitali ya Sultani Qalawun jijini Cairo, ya mwaka 1284, iliendeshwa kwa mali ya wakfu. Basi kamati za misikiti zinapopanga wakfu, tusiishie katika visima na mazulia. Zana za kumfundishia tabibu nazo ni sadaka yenye kuendelea.

Na mzazi anayo nafasi yake. Kabla ya kuridhia jino la mwanawe ling'olewe, aulize: je, haliwezi kutibiwa? Mswaki na kupunguza sukari vitangulie, kwani kinga ni bora kuliko tiba. Mwili ni amana, na kila kiungo kitaulizwa kilivyotunzwa. Allah (SW) atujaalie kuitunza amana hiyo. Amin.