Mnara wa Mfangano Ukilia, Nani Aamke?

Kila ruta, swichi na mnara wa mawasiliano huandika habari zake usiku na mchana: stima imepotea, mlango umefunguliwa, kifaa kimejiwasha upya. Hayo ni matukio. Programu za kuangalia mitandao, kama Nagios na Zabbix, huyapokea na kuyahifadhi, na inafaa zifanye hivyo. Tahadhari ni jambo jingine: ni tukio linalomtaka mtu fulani afanye kitu fulani sasa hivi. Mtandao usiotenganisha mambo haya mawili humchosha fundi wa zamu mpaka anaacha kutazama simu yake, na siku ya tatizo kubwa ujumbe wake hupita bila kusomwa.

Kwenye ufuo wa Kenya wa Ziwa Victoria, hali ya hewa huongeza uzito wa jambo hili. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea miinuko ya Nandi na Kericho, na kuanzia alasiri radi hupiga. Usiku upepo hugeuka, mawingu yakajikusanya juu ya ziwa, na dhoruba huwakuta wavuvi majini. Radi hukata stima, na mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya redio yanayounganisha minara.

Tuseme mnara wa kisiwa cha Mfangano unapata mawasiliano kupitia mnara wa Mbita. Stima inapotea Mbita saa nane usiku, na mnara unahamia kwenye betri. Chaja ikifanya kazi, betri hizo husoma takribani volti 54; sasa zinashuka polepole. Zikikaribia 44, kinga hukata umeme ili zisiharibike, na mnara wa Mbita unazimika. Mfangano nao unapotea hewani, pamoja na zahanati na maajenti wa M-Pesa wanaoutegemea, ingawa vifaa vyake ni vizima. Programu ambayo haijapangwa vizuri hutuma ujumbe kwa kila kifaa kilichopotea. Fundi aliyelala Kisumu anaamkia orodha ndefu ambamo Mfangano unalia kwa sauti ileile ya Mbita. Akiisoma vibaya, alfajiri atapanda boti katika maji yaliyochafuka kwenda kisiwa kisicho na hitilafu.

Dawa ya kwanza ni kuifundisha programu nani anamtegemea nani. Katika Nagios, Mbita huandikwa kuwa mzazi wa Mfangano. Mzazi akianguka, mtoto huhesabiwa kuwa hafikiki, wala haitwi mbovu, na ujumbe wake unaweza kuzuiwa. Dawa ya pili ni subira: kipimo kimoja kikikosa jibu, programu ipime tena mara kadhaa kabla ya kumwamsha mtu. Ya tatu ni ratiba: Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayokatiwa umeme kwa ukarabati, na saa hizo zinafaa kuingizwa kwenye programu.

Muhimu zaidi ni kuchagua wakati wa kulia. Kupotea kwa stima huku betri zimejaa ni tukio la kuandikwa tu. Volti zikifika 48, hapo ndipo simu ilie, kwa sababu bado upo muda wa kufikisha jenereta Mbita. Fundi asipojibu, ujumbe upande kwa msimamizi wake.

Hata hivyo, ukimya nao una hatari zake. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika chini ya bahari, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Siku kama hiyo ruta ya Kisumu huweza kuonyesha kijani, kwa kuwa inawaka na inajibu, huku kurasa hazifunguki. Ndiyo maana lazima kuwe na kipimo kinachofuata njia ya mteja mwenyewe: kufungua ukurasa ulioko nje ya nchi na kuhesabu sekunde.

Kwa hiyo kila wiki mafundi wakae na orodha ya tahadhari zilizotumwa, na kwa kila moja waulize: aliyeipokea alifanya nini? Ikiwa hakufanya lolote kwa sababu hapakuwa na la kufanya, irudishwe kwenye kundi la matukio. Ikiwa mteja ndiye aliyepiga simu kwanza, kuna tahadhari inayokosekana, na iandikwe siku hiyohiyo.