Deni Lililofutwa na Mdaiwa Asiyesamehewa

Majuzi mjomba wangu alinijia na barua ya Kiingereza kutoka benki. Mwanawe aliye shule ya upili alikuwa amemsomea kwamba deni lake la pembejeo "has been written off", akatafsiri: limefutwa. Mjomba akachinja jogoo. Aya ya pili, iliyoeleza kwamba wakusanya madeni wamekabidhiwa faili yake, hakuna aliyeisoma. Furaha ilikwisha kutangulia. Miezi miwili baadaye wakabisha mlangoni.

Kosa la kijana yule si la ujinga. "Write" ni kuandika, na "off" huashiria kuondoka au kutengana. Ukiyaunganisha unamwona mhasibu na kalamu yake, akiliondoa deni katika hesabu ya mali ya benki kwa kuwa hatarajii tena kulipwa. Kutokana na picha hiyo ya daftari, kitenzi kimepanuka kimaana. Gari lililopondeka hata gharama ya kulitengeneza ikazidi thamani yake, kampuni ya bima hulisema vivyo hivyo. Na mwalimu akimkatia tamaa mwanafunzi, Mwingereza atasema "he wrote him off". Pote hapo kilichokoma ni matumaini ya mwenye kalamu. Aliyeandikwa hajapewa chochote.

Kweli, nchi tajiri zikitumia neno hilohilo kuhusu madeni ya nchi maskini, aghalabu hukusudia kusamehe, na hapo ndipo utata unapozidi.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kina chombo cha kuutatua. "Benki imefuta deni" na "Benki imemfutia mjomba deni" si sentensi moja: kauli ya kutendea humwingiza mnufaika ndani ya kitenzi chenyewe. Kitenzi cha Kiingereza kina shamirisho moja tu, deni, na mdaiwa hatajwi. Sisi tuandikao magazetini twatumia "kufuta" kwa yote mawili bila kujali, nami nimo katika lawama hiyo. Naona heri tuseme "kuondoa vitabuni" kwa tendo la mhasibu, na "kusamehe" mdaiwa anapoachiliwa kweli.

Mjomba nilimwandikia swali la kupeleka benki: "Je, mmenisamehe mimi, au mmeliondoa deni vitabuni mwenu tu?" Jibu lilikuwa la pili. Sasa analipa kwa awamu.